Waingereza nao wana fasihi simulizi: kisa cha nyimbo zao za jadi na kalamu iliyozinakili

KATIKA madarasa yetu ya fasihi kuna dhana moja iliyokita mizizi kiasi kwamba haiulizwi tena. Mwalimu huandika ubaoni "fasihi simulizi" upande mmoja na "fasihi andishi" upande wa pili, kisha bila kukusudia huwagawa wanadamu kwa mstari uo huo: sisi Waafrika tuna midomo, Wazungu wana kalamu. Nimesahihisha kazi za wanafunzi kwa miongo kadhaa na siwezi kuhesabu ni mara ngapi nimesoma sentensi isemayo eti fasihi simulizi ni fasihi ya Mwafrika. Wapo wanaoongeza, tena kwa fahari, kwamba Mzungu hana kitu kama hicho.

Sasa, hebu nikualike msomaji twende hadi kijiji cha Hambridge, katika jimbo la Somerset, kusini magharibi mwa Uingereza, mwaka wa 1903. Kasisi wa kijiji hicho, Charles Marson, amemwalika rafiki yake kutoka London. Mgeni huyo ni mwalimu wa muziki mwenye umri wa miaka 43, jina lake Cecil Sharp. Wamekaa bustanini. Shamba boi wa kasisi anakata nyasi huku akijiimbia kwa sauti ya chini. Jina lake, ajabu iliyoje, ni John England. Sharp anatega sikio, anachukua daftari, anaandika mahadhi, kisha anamwomba yule bwana ampe maneno. Jioni iyo hiyo wimbo ukaimbwa mbele ya wageni wa kanisa, safari hii ukisindikizwa kwa piano. Wimbo wenyewe unajulikana kama "The Seeds of Love", yaani mbegu za mapenzi.

Ukiyasoma maneno yake kwa jicho la mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili utajihisi nyumbani. Ni fumbo tupu. Msichana anapanda mbegu katika majira ya kuchipua. Mtunza bustani anamchagulia ua hili na lile, naye anayakataa yote, anasubiri waridi jekundu la Juni. Mwisho wa yote anaambulia mti uitwao willow, ambao kwa Waingereza wa zamani ni ishara ya mtu aliyeachwa. Hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba hapa hazungumziwi maua. Akina bibi zetu wa Lamu na Mombasa wangeuelewa wimbo huo kabla haujafika ubeti wa tatu, na huenda wangecheka.

Basi tuanzie hapo. Yule mkata nyasi hakuutoa wimbo ule kitabuni. Aliupata kwa kusikia, akauhifadhi kichwani, akauimba kazini. Ukitaka mfano wa fasihi simulizi wenye sifa zote tunazowakaririsha vijana wa kidato cha kwanza, huo hapo, tena katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa ikitawala sehemu kubwa ya dunia na kutuletea vitabu vya kusoma.

Kilichonivutia zaidi katika kisa hiki ni kwamba Waingereza wasomi wenyewe hawakujua. Mwandishi wa Kijerumani, Oscar Schmitz, aliwahi kuiita Uingereza nchi isiyo na muziki, na wapo Waingereza waliokubali. Walipotaka muziki wa maana waliagiza Ujerumani na Italia. Chama cha Nyimbo za Jadi kiliundwa London mwaka wa 1898. Kufikia wakati huo mmishonari Mwingereza, William Taylor, alikuwa ameshachapisha methali za Waswahili, mwaka wa 1891, na alikuwa amekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji pale Mombasa, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Yaani Mwingereza mmoja alikuwa akiokota hazina za Mombasa katika miaka ileile ambapo wenzake walikuwa ndio wanaanza kuzinduka kwamba kuna hazina nyuma ya nyumba yao.

Kabla sijaendelea, tuafikiane kuhusu istilahi, maana ukumbi huu ni wa lugha. Neno la Kiingereza folk, lenye maana ya watu au umma, lilipata uzito wake wa kitaaluma kutoka Ujerumani. Johann Gottfried Herder ndiye aliyeanza kutumia neno Volkslied, wimbo wa umma, katika mwaka wa 1773. Waingereza walifuata: William Thoms akaunda neno folklore mwaka wa 1846. Sisi tumelitafsiri neno hili kwa namna nne au tano. Wako wasemao nyimbo za kiasili, wengine nyimbo za kimapokeo, wengine nyimbo za jadi, na wengine nyimbo za kienyeji. Hilo la mwisho limeharibiwa na kuku. Ukisema "wimbo wa kienyeji" Mkenya wa leo anafikiria bei. Mimi nitatumia "jadi", ingawa nalo lina kasoro. Jadi inadokeza ukoo, nasaba, kitu kilichoteremka kutoka kwa mababu bila kuguswa na mtu wa nje. Nyimbo hizi hazikuteremka hivyo, kama tutakavyoona.

Rudi kwa Sharp. Baada ya siku ile alishikwa na kiu ya ajabu. Alipanda baiskeli na treni, akawatembelea wazee mashambani, jikoni, katika vilabu vya pombe na hata katika nyumba za maskini zilizokuwa zikiendeshwa na serikali za mitaa. Katika Somerset pekee alikusanya zaidi ya nyimbo 1,500, ukihesabu na vibadala vyake. Alipofariki mwaka wa 1924 madaftari yake yalikuwa na mahadhi karibu 5,000. Aliandika jina la kila mwimbaji, kijiji chake, tarehe, na mara nyingi umri. Hapo nampa heko. Tuna mikusanyo mingi ya fasihi simulizi ya Kiafrika, mingine ikiwa ya juzi tu na ya wasomi wenzetu, ambamo msimulizi ni "mzee mmoja wa kijijini" na basi. Kutoka kwa Sharp tunawajua Louie Hooper na Lucy White, ndugu wawili waliompa makumi ya nyimbo. Tunajua walikuwa akina nani na waliishi wapi.

Mwaka wa 1907 Sharp alichapisha kitabu cha nadharia kuhusu nyimbo hizo. Humo alitaja nguzo tatu: mwendelezo, yaani kizazi hadi kizazi, mabadiliko, kwa sababu kila mwimbaji huuguza wimbo kidogo, na uteuzi, kwa maana jamii ndiyo huamua toleo lipi liishi na lipi lisahaulike. Mwaka wa 1954 baraza la kimataifa la muziki wa jadi lilipokutana São Paulo lilizitumia nguzo zizi hizi katika fasili yake. Mwanafunzi wa fasihi simulizi wa Kenya anayekariri kwamba fasihi simulizi hubadilika kulingana na fanani, hadhira na wakati, anatembea katika njia ambayo shamba boi wa Hambridge alisaidia kuifyeka.

Lakini kalamu, jamani, haina huruma.

Tazama kilichotokea kwa maneno. Kati ya 1904 na 1909 Sharp alitoa juzuu tano za nyimbo za Somerset, tatu za kwanza akishirikiana na kasisi Marson. Sehemu nzuri ya nyimbo walizokusanya zilihusu mapenzi, na wanakijiji hawakuwa na haya ya kuyataja mambo kwa majina au kwa mafumbo mepesi. Wasomaji waliolengwa walikuwa familia za tabaka la kati zenye piano sebuleni. Kwa hivyo maneno yakasafishwa. Msichana aliyepata mimba katika kinywa cha mwimbaji alitoka kitabuni akiwa amevunjika moyo tu. Sharp hakuficha jambo hilo. Alieleza kwamba hangeweza kuyachapa yote. Katika madaftari yake aliyaacha maneno kama alivyoyasikia, na madaftari hayo yakahifadhiwa katika chuo chake cha zamani, Clare, kule Cambridge. Iliwabidi Waingereza wangoje hadi mwaka wa 1958, pale mshairi James Reeves alipochapisha kitabu kilichotokana na madaftari yale, ndipo wasome kile ambacho wazee wa Somerset walikuwa wameimba.

Hakuwa wa kwanza. Kasisi Sabine Baring-Gould, ambaye Waanglikana wanamjua kwa wimbo wa "Onward, Christian Soldiers", alikuwa amekusanya nyimbo za Devon na Cornwall tangu mwishoni mwa miaka ya 1880. Yeye aliandika upya beti nzimanzima pale alipoona maneno hayafai. Naye pia, kwa bahati nzuri, alizihifadhi nakala za awali katika maktaba ya Plymouth.

Mahadhi nayo? Wengi hudhani noti za muziki haziwezi kudanganya. Mwaka wa 1906 kijana mmoja mpiga piano kutoka Australia, Percy Grainger, alikwenda Lincolnshire akiwa na fonografu, ile mashine ya kurekodi sauti kwenye silinda za nta. Aliporudi na kuzisikiliza silinda zile polepole, tena na tena, aligundua kwamba waimbaji hawakuimba ubeti wa pili kama wa kwanza. Sauti ilipanda nusu hatua hapa, ikashuka pale. Mapigo yalirefushwa kulifuata neno. Pambo liliongezwa pale hisia zilipopanda. Wakusanyaji wa kalamu walikuwa wakiandika mahadhi ya ubeti mmoja na kuyachukulia kuwa ndiyo wimbo. Grainger alisema, na mimi namuunga mkono mia kwa mia, kwamba tofauti zile hazikuwa makosa ya wazee waliosahau. Zilikuwa usanii. Sharp hakuipenda fonografu. Aliona inamtia mwimbaji wasiwasi na haitoi kile ambacho sikio lililofunzwa linaweza kukichuja. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, lakini neno "kuchuja" ndilo linalonitia shaka.

Mmoja wa waimbaji wa Grainger alikuwa Joseph Taylor, mzee wa zaidi ya miaka 70, msimamizi wa shamba la bwanyenye mmoja. Mwaka wa 1908 kampuni ya Gramophone ilimrekodi London na kuziuza santuri zake. Ndizo za kwanza za mwimbaji wa jadi wa Kiingereza kuuzwa madukani. Wimbo wake "Brigg Fair" ulimfikia mtunzi Frederick Delius, ambaye mwaka wa 1907 aliugeuza kuwa utungo mkubwa wa okestra. Rekodi za Taylor zinasikika hadi leo. Sauti yake ni nyepesi, safi, na inacheza na mapigo kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mto. Sikiliza mara moja kisha utazame noti zilizochapishwa. Utaelewa ninachojaribu kusema kuliko nikiandika kurasa kumi.

Nimesema jadi si neno timilifu. Sababu ni hii. Ukichunguza asili ya nyimbo hizi, sehemu kubwa zilikuwa zimewahi kuchapishwa kwenye karatasi za bei rahisi, ukurasa mmoja, zilizouzwa na wachuuzi sokoni na barabarani kwa nusu peni au peni moja. Wachapishaji kama James Catnach, pale Seven Dials jijini London, walizitoa kwa maelfu mwanzoni mwa karne ya 19. Mkulima alinunua karatasi, au alimsikia aliyeinunua, akautia wimbo mahadhi aliyoyajua, akaenda nao shambani. Baada ya miaka 50 mjukuu wake anauimba kwa namna yake, na mkusanyaji anakuja kuuandika tena. Mdomo na karatasi vilikuwa vikipokezana. Chukua "Barbara Allen", mtendi mfupi wa kijana anayekufa kwa mapenzi na msichana anayemfuata kaburini. Samuel Pepys aliusikia ukiimbwa na mwigizaji mmoja London, akaandika hivyo katika shajara yake tarehe 2 Januari, 1666. Baadaye ukachapwa, ukaimbwa, ukachapwa tena, ukavuka bahari. Wale wanaoniuliza kama utenzi ni fasihi simulizi au andishi, kana kwamba lazima uwe upande mmoja, wautafakari wimbo huo.

Bahari nimeitaja kwa sababu. Kati ya 1916 na 1918 Sharp na msaidizi wake, Maud Karpeles, walitembea milima ya Appalachia kule Marekani, ambako mama mmoja Mmarekani, Olive Dame Campbell, alikuwa ameshaanza kukusanya nyimbo za wazawa wa wahamiaji kutoka Uingereza na Uskoti. Walipata mahadhi yapatayo 1,600. Mwimbaji mmoja tu, Jane Gentry wa Hot Springs, North Carolina, aliwapa zaidi ya nyimbo 60. Ila Sharp alikuwa akitafuta Uingereza iliyohifadhiwa milimani, na mtu hupata anachokitafuta. Weusi waliokuwa wakiishi maeneo yayo hayo, waliopiga banjo, ala yenye asili ya Afrika, na waliozijua baadhi ya nyimbo hizo, aliwapita karibu wote. Kwa hivyo dunia ikasadiki kwa muda mrefu kwamba muziki wa milima ile ulikuwa wa Mzungu mtupu.

Kuhusu suala la nani alihesabiwa kuwa umma, wataalamu wamepigana vita vya maneno. Dave Harker, katika kitabu chake cha 1985, alidai kwamba Sharp na wenzake waliunda dhana ya bandia, kwamba walichagua wazee wa mashambani na kuwafumbia macho wafanyakazi wa viwandani. Baadaye C. J. Bearman aliyarudia mahesabu ya Harker kuhusu waimbaji wa Somerset na kuonyesha yana hitilafu nyingi. Nimezisoma pande zote mbili. Harker alikosea katika tarakimu, lakini swali lake halikufa. Nyimbo za wachimba makaa ya mawe, kwa mfano, zilingoja hadi A. L. Lloyd alipozikusanya na kuzichapa mwaka wa 1952.

Ngoma nazo zina kisa chao, na ndicho kinachonichekesha zaidi. Ukienda Uingereza mwezi wa Mei unaweza kukutana na wanaume sita wamevaa nguo nyeupe, njuga miguuni, vitambaa au fimbo mikononi, wakiruka kwa mpigo wa konsatina. Hiyo ndiyo ngoma iitwayo morris. Sharp aliiona kwa mara ya kwanza tarehe 26 Desemba, 1899, pale Headington karibu na Oxford. Wachezaji walikuwa wafanyakazi wa ujenzi waliokosa kazi kwa sababu ya baridi kali, wakatoka nje ya msimu wa ngoma yao kutafuta senti. Mpiga konsatina alikuwa mwashi kijana, William Kimber. Kesho yake Sharp alimwita, akaandika mahadhi yake.

Sharp aliamini ngoma hiyo ni mabaki ya ibada za kale kabla ya Ukristo. Watalii huambiwa hivyo hadi leo. Nyaraka zinasema vingine. Kumbukumbu ya zamani zaidi inayojulikana ya ngoma hii Uingereza ni ya mwaka wa 1448, chama cha wafua dhahabu wa London kilipowalipa wachezaji katika karamu. Yaani ilianza kwa matajiri, ikateremka kwa wakulima. Na jina lenyewe? Linatokana na neno linalomaanisha "ya Wamoor", Waislamu wa Afrika Kaskazini na Uhispania. Ngoma inayoshikwa kama moyo wa Uingereza ina jina la Mwafrika! Jina peke yake halithibitishi kwamba hatua zilitoka Afrika. Huenda lilimaanisha tu jambo la kigeni na la kushangaza. Kwa muda mrefu, vikundi vya mpakani mwa Wales vilijipaka masizi usoni, na mjadala kuhusu maana ya masizi hayo uliendelea hadi mwaka wa 2020, pale vyama vikuu vya ngoma hiyo vilipoamua kuachana na desturi ya kujipaka uso mzima rangi nyeusi.

Aliyeifufua ngoma hii mijini hakuwa Sharp pekee. Mwanamke aitwaye Mary Neal aliendesha klabu ya wasichana washonaji London, Espérance. Mwaka wa 1905 alimwendea Sharp kutafuta nyimbo, kisha akauliza kuhusu ngoma. Akaelekezwa kwa Kimber, akafunga safari, akamleta mwashi yule na binamu yake hadi London wawafunze wasichana. Ndani ya muda mfupi wasichana wale, ambao mchana kutwa walishinda na sindano, wakawa walimu wa ngoma kote nchini. Halafu Neal na Sharp wakakosana. Sharp alitaka kila hatua ichezwe kama ilivyoandikwa na mwalimu awe na cheti. Neal alishikilia kwamba ngoma hupitishwa na mchezaji kwa mchezaji, na uhai wake ni furaha. Sharp akashinda, chama chake cha ngoma kilianzishwa 1911, na mwaka wa 1932 kikaungana na kile cha nyimbo. Makao yao London, yaliyofunguliwa 1930, yana jina la Sharp hadi leo. Neal alisahauliwa kwa miongo mingi. Kilele cha kinaya ni kwamba mwaka wa 1934 kiliundwa chama cha vikundi vya morris kilichokuwa cha wanaume peke yao, wakati waliotangulia kuisambaza ngoma hiyo nchini walikuwa wasichana washonaji. Anayefuatilia mashindano yetu ya muziki na tamasha za shule, pale mwamuzi anapokata alama kwa sababu isukuti haikuchezwa "inavyostahili", anaujua ugomvi huu vizuri sana.

Vita vya kwanza vya dunia vilikula vijana wa kikundi cha maonyesho cha Sharp. Mmojawapo, George Butterworth, mtunzi aliyekuwa amekusanya nyimbo nyingi yeye mwenyewe, aliuawa Ufaransa Agosti 1916, akiwa na umri wa miaka 31.

Huenda msomaji anajiuliza haya yote yanamhusu nini. Kama ulisoma shule ya Kianglikana, au umewahi kuketi katika ibada ya Kiingereza mjini Nairobi, yawezekana umeimba nyimbo hizi bila kujua. Ralph Vaughan Williams, mtunzi aliyekuwa pia mkusanyaji, alihariri kitabu cha nyimbo za kanisa kilichotoka mwaka wa 1906. Kwa maneno ya John Bunyan kuhusu msafiri jasiri wa imani, alihitaji mahadhi. Akachukua yale aliyoyasikia mwaka wa 1904 kwa mama mmoja, Harriet Verrall, huko Monk's Gate, Sussex. Katika kinywa cha Bi Verrall yalikuwa mahadhi ya wimbo wa baharia anayeagana na mpenzi wake. Vaughan Williams aliyaita kwa jina la kitongoji, Monks Gate. Jina la mama yule linajulikana kwa wachache waliopekua.

Suala la umiliki limezua mengine. Mwaka wa 1947 mchimba madini mstaafu, Mark Anderson, alimwimbia Ewan MacColl wimbo wa "Scarborough Fair". Martin Carthy akaupata, akautungia namna yake ya kuupiga kwa gitaa. Paul Simon akausikia kwa Carthy, na 1966 Simon na Garfunkel wakautoa kwenye santuri iliyowataja wao wawili tu kama wenye wimbo. Carthy aliumia kwa miaka. Walipatana, na mwaka wa 2000 waliuimba pamoja jukwaani London. Mchimba madini hakuwepo kwenye maafikiano hayo. Sisi tunaojua mvutano uliozunguka wimbo wa "Malaika" tunaelewa jinsi jambo hili linavyouma.

Leo kazi ya kuzifuatilia nyimbo hizi imerahisishwa na mtu mmoja, Steve Roud, aliyekuwa mkutubi wa Croydon, aliyeanza na kadi ndani ya makasha ya viatu. Faharasa yake imeupa kila wimbo nambari, ili vibadala vyote vikutane mahali pamoja hata kama majina yanatofautiana. Ina nyimbo zipatazo 25,000. "Barbara Allen" ni nambari 54. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingia katika tovuti ya maktaba ya Cecil Sharp House na kusoma daftari lenyewe, mwandiko wenyewe, kisha alinganishe na kilichochapishwa. Sijui kwa nini hatujafanya hivyo kwa nyimbo za Wapokomo, Wataita au Wagiriama, ilhali idara zetu zina makabati yaliyojaa kanda za miaka ya sabini zinazooza kwa unyevu. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada asinitafute akiniambia kila kitu kimeshaandikwa.

Nimewaacha hadi sasa watu ninaowapenda kuliko wote katika historia hii. Mwaka wa 1898 Kate Lee, katibu wa kile chama kipya, alifika Rottingdean, Sussex, akakutana na ndugu wawili, James na Thomas Copper. Aliwakaribisha katika jumba alimokuwa mgeni, akaweka chupa ya wiski mezani, nao wakaimba. Alitoka na nyimbo takriban 50. Wakulima wale wakafanywa wanachama wa heshima wa chama, na wasomi wakaandika kuwahusu. Hata hivyo, ukoo wa Copper haukungoja mtu wa London auhifadhie mali yake. Mwaka wa 1936 Jim, mwana wa James, alikaa na kalamu akayaandika maneno ya nyimbo za nyumbani kwao katika kitabu. Aliandika maneno peke yake. Mahadhi hakuyaandika, kwa kuwa kila mtu nyumbani aliyajua, na jinsi sauti mbili zinavyopishana na kukutana walifunzana mezani, baba kwa mwana. Mjukuu wa James, Bob, aliandika historia ya ukoo huo mwaka wa 1971. Vizazi vilivyomfuata Bob bado wanaimba, na wanapoimba hufungua kitabu mbele yao.